Siku Nne za Usumbura

Watu wa siku hizi wakisikia kwamba mimi na mke wangu tulikwenda Usumbura kupumzika, wanadhani tulikuwa matajiri. Matajiri wa wapi! Tulikuwa na konje, yaani likizo ya kazini, ya siku kumi na tano, basi. Niliingoja miaka sita. Kila mwaka mkubwa wangu wa ofisi alisema mwakani, na mwakani ikifika anasema tena mwakani, nami naendelea kuipiga mashine yake ya kuandika kwa vidole kumi bila kosa. Nilijivunia sana vidole hivyo. Nilikuwa kijana wa kujivuna.

Lakini nisiseme uongo, sikwenda kule kuoga ziwani. Nilikwenda kwa ajili ya mama yangu. Nilitaka kuwa na mke wangu mbali na nyumba yetu ya Kadutu mjini Bukavu, mbali na majirani na kuta zao nyembamba, nimwombe akubali mama arudi kuishi nasi.

Mama alikuwa ameondoka miezi minane kabla. Nilikuwa nimeomba ile karte ya evolué, karatasi iliyosema kwamba Mweusi huyu sasa anaishi kama Mzungu. Ukiiomba, komisyo ya Wazungu wakaguzi inakuja nyumbani kwako siku inayotaka yenyewe. Wanatazama kitanda, wanafungua choo, wanauliza kama mke anakula mezani au anakula jikoni. Tulinunua uma na visu. Mama yangu naye alilala kwenye mkeka karibu na makaa, akivuta kiko chake na kutema mate pale pale. Siku barua ya komisyo ilipofika niliwasomea yeye na mke wangu masharti yake, kwamba mtu asilale chini wala kutema mate ndani, nikitafsiri kila neno kwa sauti ya ofisi. Kesho yake nilirudi kutoka kazini nikakuta ile pembe yake imefagiliwa. Mke wangu akasema mama amekwenda Kalehe, kwa mjomba wangu. Sikuuliza neno. Nilijua mke wangu amemfukuza, na nikamkasirikia miezi minane bila kufungua mdomo. Ndivyo nilivyo, hasira yangu ni makaa ya chini ya jivu.

Basi konje ikatoka. Tuliwaacha watoto kwa dada wa mke wangu, tukapanda lori la abiria. Kwenye mteremko wa Ngomo magari yalipita kwa zamu, ya kushuka yakingoja ya kupanda yamalize, na mke wangu alifumba macho njia nzima kwa kuogopa korongo. Tulipofika Kamanyola, bondeni, joto likatupiga, akavua sweta yake, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka siku nyingi. Mpakani polisi alizisoma karatasi zetu za ruhusa mara tatu, maana Usumbura ilikuwa nchi nyingine, ingawa bwana mkubwa wa kule na wa kwetu alikuwa Mbelgiji yule yule.

Tulipanga chumba mtaa wa Buyenzi, kwa mjane mmoja Mwislamu. Chakula cha kwanza alituwekea wali na ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye sinia moja, akatukaribisha. Mimi nikafungua mzigo, nikatoa uma zetu mbili. Ndiyo, nilizibeba mpaka Usumbura. Mjane alinitazama, akamtazama mke wangu, kisha akaenda kuleta maji ya kunawa. Mke wangu akanawa, akala kwa mkono. Mimi nilikula kwa uma, wali ukinimwagikia mapajani, na nilimchukia kila mtu mle ndani.

Siku ya pili tulikwenda ziwani. Mke wangu alifunga kitenge juu ya magoti akaingia majini, akishangaa kwamba maji ya ziwa yanaweza kuwa ya moto kama ya kuogea mtoto. Mimi nilisimama mchangani na tai yangu shingoni. Aliniita.

"Papa, toa hata viatu. Ziwa haiandikake ripoti."

Nilikasirika, kisha nikavitoa. Tulikaa kule mpaka njaa ikatuuma, tukitazama milima ya Uvira ng'ambo, na nakiri kwamba nilifurahi. Lakini kila nilipotaka kumtaja mama, ulimi uliniwia mzito. Niliogopa atasema hapana, na konje yetu iharibike.

Siku ya tatu nikajikaza. Tulikuwa tumeketi pale pale kando ya maji, nikamwambia nataka mama arudi kwetu. Alinitazama kama mtu anayetafuta mzaha usoni mwangu.

"Ni wewe ulimufukuza," alisema.

"Mimi?"

"Ulisoma ile barua umesimama mbele yake. Asubuhi akaniuliza, mutoto wangu anataka nini? Nikamuambia sijui. Akakunja mukeka yake mwenyewe. Nilingojea umufuate, papa. Miezi munane nilingojea."

Miezi yote ile nilikuwa nimemnunia mtu ambaye naye alikuwa akininunia kwa kosa lile lile, na mama yuko Kalehe bila sisi.

Siku ya nne tulifunga mizigo. Mjane alifikiri ametukosea, ikabidi mke wangu amweleze. Tulipita Bukavu bila hata kufika nyumbani, tukaendelea hadi Kalehe. Mama alikuwa amekonda. Alitupa viti, akatuletea ndizi mbivu na maziwa, mwenyewe akabaki amesimama kama mbele ya wageni. Nilimwambia tumekuja kumchukua. Kabla ya jambo lingine lolote aliuliza kama wale Wazungu wamekwisha kuja.

"Bado, mama," nikasema.

"Basi murudi. Wakiisha kupita mutanitumia habari."

Mke wangu alipiga magoti, akamshika miguu, akamwambia mama twende leo. Mama akacheka kidogo, akamwambia asiiharibu kazi ya mume wake. Mke wangu akamwomba tena, huku analia. Kisha wote wawili wakanigeukia, na neno langu moja lingetosha.

"Mama anasema kweli," nikasema.

Nilipumua kwa nafuu niliposema hivyo. Hilo sijamwungamia hata padri.

Komisyo ilikuja baada ya miezi mitano, Wazungu wawili wenye adabu. Walitazama vitanda, wakatazama meza, wakasifu usafi wa mke wangu, ambaye hakuwajibu. Mmoja, kalamu mkononi, aliniuliza kama kuna mtu mwingine anayeishi hapa zaidi yetu na watoto. Nikamjibu hakuna. Lilikuwa jibu la kweli, mama tulikuwa tumemzika wiki tatu kabla.