Mtoto Asipigwe na Baridi

Mwanangu alizaliwa mwezi wa pili, na mwaka huo mwezi wa pili ulikuwa umepandwa na wazimu. Joto la Nairobi nalijua mimi. Nimezaliwa Mbotela, nikakulia Mbotela, na nilipoolewa sikwenda mbali, nilivuka mtaro tu. Joto tulikuwa nalo tangu zamani, lakini lilikuwa na adabu. Lilikuja baada ya Krismasi, likatuchoma mchana siku mbili tatu, na jua likishatua nalo linakwenda zake. Jioni unatafuta sweta. Hili la siku hizi linakuja mapema, linakaa wiki baada ya wiki, na giza likiingia halitoki. Linalala na sisi. Unaamka asubuhi mabati bado yana uvuguvugu, halafu jua linaanza kazi upya juu ya joto la jana.

Nasema mabati kwa sababu ndiyo tunayoishi ndani yake. Nyumba zenyewe za kanju, yaani za baraza la jiji, zile za mawe, wanazo waliotangulia. Sisi tuko uani, kwenye vyumba vya kuongezwa: mabati juu, mabati ubavuni, kadibodi kwa ndani, na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Hapo nje palikuwa na mjakaranda. Mwenye nyumba aliukata apate nafasi ya vyumba viwili zaidi. Angejifungulia yeye ndani ya hivyo vyumba vyake, angejua hajui.

Mama mkwe alitoka Bungoma kuja kunitunza, kama ilivyo desturi. Alishuka na kuku wawili, unga wa wimbi, na mfuko mzima wa nguo za sufu alizofuma kwa mkono wake. Ni mwanamke mwema. Nalisema mapema kwa sababu muda si mrefu nitamkasirikia.

Na huu mtaa anaujua kunishinda. Mumewe alikuwa mtu wa reli, na watoto wao wote waliwazalia huku huku kabla ya kurudi Bungoma. Mmoja wao, msichana, nimonia ilimchukua mwezi wa saba, enzi hizo Julai ya Nairobi ikiuma mpaka kwenye mifupa. Tangu hapo hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake bila kufungwa barabara. Fulana, sweta, soksi, kofia, shali, halafu blanketi juu ya yote. Waliofuata wote walikua, na mume wangu ni mmoja wao. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba mama huyu hakuijua kazi yake.

Tena si yeye peke yake. Eastlands nzima tumelelewa kuogopa baridi. Mtoto mchanga akionekana nje kichwa wazi, hata mtu usiyemjua atakusimamisha akugombeze. Wanawake wa kanisa walikuja kuona mtoto, wakajaa kitandani na kwenye stuli, jasho linawatiririka mpaka shingoni, wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo. Nikafungua dirisha. Wote kwa pamoja wakapiga kelele.

"Wee! Funga hiyo kitu! Mtoto asipigwe na baridi!"

"Baridi gani?" nikauliza. "Nyinyi wenyewe mnaloa."

"Ndio hawa wasichana wa siku hizi," akasema mmoja. "Wanajua yote."

Mama mkwe akainuka, akalifunga dirisha mwenyewe, akapachika kitambaa kwenye upenyo. Walipoondoka nilijaribu tena, kwa heshima.

"Mama, huyu mtoto ana joto. Tumpunguzie hata shali peke yake."

"Joto ni la watu wazima, mama. Mtoto hana joto lake. Ni wewe umpatie."

Akasema hivyo kwa upole kabisa, huku akimvuta kofia mpaka kwenye nyusi. Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama simu yake. Haya basi.

Redio ya jirani ilikuwa ikiongea siku hizo. Jamaa mmoja mwenye sauti tulivu, sauti ya mtu aliyekaa mahali penye feni, akatushauri tunywe maji mengi na tukae kivulini. Maji yapi, bwana? Mifereji yetu ilikuwa inakoroma tu, haitoi kitu. Kivuli kipi? Kilikatwa kikapasuliwa kuni. Nilitamani kumfuata huko alikokaa nimwonyeshe chumba changu saa nane mchana, nimfungie ndani, nimwambie na yeye atoe ushauri kutoka humo.

Sasa siku yenyewe. Tulisikia maji yanauzwa karibu na barabara ya Jogoo. Nikachukua mitungi, nikamwacha mtoto amelala na bibi yake. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamenuniana, jua limesimama utosini. Niliporudi nilikuta mlango umefungwa. Upepo ulikuwa umevuma kidogo, mama mkwe akaogopa, akafunga mlango na kuongeza blanketi la pili.

"Amelala vizuri leo," akaniambia. "Hata hajalia."

Hajalia. Mtoto anayenyonya kila saa, na hajalia tangu nitoke! Nilitupa mitungi chini. Uso wake ulikuwa mwekundu, mkavu, unawaka. Nikampa titi, likadondoka mdomoni. Nepi haikuwa na tone. Nilimwita, nikamfinya unyayo, akafungua macho nusu kisha akayafunga kama mtu mzima aliyechoka na maisha. Nikajua namkosa. Nilimbeba hivyo hivyo alivyofungwa nikatoka mbio, na mama mkwe nyuma yangu, viatu mkononi, anamwita Mungu kwa Kibukusu.

Kliniki, nesi hakutuuliza kitu. Alianza kuvua. Blanketi, blanketi, shali, sweta, soksi. Kila nguo ikitoka, mvuke unanipiga usoni. Chini kabisa mtoto alikuwa ametoka vipele mwili mzima. Akamfuta kwa kitambaa chenye maji, akampepea, akamkamulia maziwa yangu mdomoni kidogo kidogo kwa kijiko.

"Nani amemvalisha hivi?" akauliza bila kugeuka.

"Ni mimi," akasema mama mkwe.

"Cucu," akamwita, yaani bibi kwa Kikuyu, "huyu si mgonjwa. Mmempika."

Mama yule alishika ukuta. Na mimi, niliyetoka nyumbani nikiapa kwamba leo nitamwambia mama mkwe maneno ambayo hajawahi kuambiwa, hasira yangu ikaruka ikaenda kwingine. Ukutani, juu ya kichwa cha nesi, palikuwa na picha kubwa ya mama akitabasamu na mtoto wake. Mtoto ana kofia. Mtoto ana soksi. Mtoto amefunikwa mpaka kidevuni, na chini yake maandishi: Mtoto awekwe joto wakati wote.

"Na hiyo nayo?" nikamuuliza. "Hiyo mmeibandika ya nini?"

Akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Hiyo ni ya kitambo," akasema. "Wakati kulikuwa na baridi."

Ya kitambo! Na huyu mama ni wa kitambo pia. Alichofanya ndicho alichofundishwa humu humu kliniki, baada ya kuzika mtoto huku huku mtaani. Mtoto wangu alianza kulia alasiri, akalia vizuri, kwa hasira, nami nikalia naye. Nilimshukuru Mungu. Lakini ndani nilikuwa nachemka.

Tulirudi nyumbani mtoto akiwa na nepi na leso nyepesi tu. Mlango nikauacha wazi kabisa. Majirani walipita wakachungulia, mmoja akafungua mdomo, akaona macho yangu, akaufunga. Mama mkwe alikaa kwenye stuli kando ya mlango, mikono yake ameibana kwapani.

"Hawa wengine wote," akasema baadaye, "niliwafunga hivyo. Nilikuwa nakosea?"

"Hapana, mama. Hukukosea."

"Hata baba ya huyu?"

"Hata yeye. Ulimponya."

"Sasa nani amebadilisha?"

Aliuliza kwa dhati, kama mtu anayetaka kuonyeshwa nyumba ya aliyemwibia kuku. Nilitaka kumjibu. Nikaanza kumweleza habari za viwanda vya mbali, na moshi, na mafuta yanayochomwa na watu ambao hawajawahi kuisikia Mbotela na hawataisikia, na nikiwa katikati ya maelezo nikajisikia mjinga. Hakuuliza habari za moshi. Alitaka mtu. Ningekuwa na mtu wa kumtaja, walahi, ningemfunga mtoto mgongoni tukaenda sote watatu tukamgongea mlango mpaka atoke.

"Sijui, mama," nikasema.

Nikamnyooshea mtoto amshike ili nipike. Hakutoa mikono kwapani.

"Mweke kitandani," akasema. "Mimi sijui tena."

Alikaa nasi mpaka mwisho wa wiki. Alifua, alipika wimbi, alifagia, aliosha kila kilichooshwa na kisichooshwa. Mtoto alipolia aliniita mimi, hata kama nilikuwa bafuni. Siku ya kuondoka alimuaga mtoto akiwa amesimama mlangoni, kwa kumpungia, kama mtu anavyompungia mtoto wa watu.