Mkamwana wa Nyuma ya Pazia na Kadi Iliyoruka

Chaganlal Mundra alitengeneza kadi za harusi mjini Bikaner hadi akajiita fundi. Ufundi wenyewe ulikuwa kusukuma kipanya huku na huko kama mtu apigaye pasi. Kompyuta ya zamani ilipokufa, mwanawe alimletea nyingine, yenye mfumo mpya wa kuiendesha, usiolipiwa. Hilo la bure alilipokea kwa mikono miwili. Kujifunza hakukuwamo kwenye mapatano.

Mke wa mwanawe, Hemlata, aliujua mfumo ule tangu chuoni. Lakini mkamwana wa nyumba ile hafunui uso mbele ya baba mkwe wala hasemi naye. Neno lake hupitia kwa mama mkwe. Basi alikaa nyuma ya pazia la duka, akamtuma mama mkwe wake, Rukma, aliyekuwa kizingitini akichambua dengu, amweleze mzee kwamba kunakili ni kubonyeza vitufe viwili tu. Mzee akajibu kwamba njia za mkato ni za wavivu, yeye ana mkono. Mkono kweli anao. Ni kichwa kilichokuwa likizo.

Siku moja akaja Bothra, mfanyabiashara wa pamba, kuhakiki kadi ya binti yake. Nyumbani alikuwa na mabinti wengine watatu wa kuozwa, na Chaganlal alikuwa akizimezea mate kadi zao kila alipommiminia Bothra chai. Kilichobaki ni jina moja tu: la mume wa dada yake Bothra, miongoni mwa wenye kukaribisha wageni. Shemeji wa aina hiyo akirukwa kwenye kadi hununa, na harusi nzima ikawa kazi ya kumbembeleza.

Chaganlal akaegemea kibodi akitafuta miwani. Kadi ikaruka, kioo cha kompyuta kikabaki kitupu.

Angenyamaza ingekuwa nafuu. Badala yake akalaumu siku: chuma hiki kiliingia dukani Jumamosi, kina mkosi. Bothra, asiyenunua hata msumari Jumamosi kwa kuamini kwamba chuma cha siku hiyo huleta balaa, akaweka kikombe chini na kuanza kutafuta viatu. Kadi ya harusi kutoka kwenye chuma cha mkosi? Duka la pili lilikuwa ng'ambo ya barabara.

Pazia likasema, "Mama, mwambie baba kadi ipo. Mfumo huu una meza nyingi za kazi humo kiooni, naye amehamia nyingine. Ashike Kontroli na Alti, apige mshale wa kushoto."

"Umesikia?" Rukma akamuuliza mumewe, macho kwenye dengu.

"Mwambie hii ni kazi ya wanaume."

"Kazi iko wapi? Mimi naona kioo kitupu."

Bothra alikwisha kuvaa kiatu kimoja. Chaganlal akavikamata vitufe kwa mikono yote miwili kama anayezuia kuku asitoroke, akapiga mshale. Kadi ikarudi, haina hata mkwaruzo.

Bothra akavua kiatu, akaligeukia pazia. "Bi Rukma, mwambie mkweo jina la shemeji aliandike yeye. Na kadi za wale watatu, nitamletea yeye. Mzee atatuchemshia chai."

Kesho yake Chaganlal alikuwa barazani akiwacheka majirani ambao bado wanahangaika na kipanya. Mfumo mpya ni mwepesi, akawaambia, ukiwa na akili. Ndani wakamwita, wateja wa Hemlata walikuwa wamefika. Chai ya mzee, tumpe haki yake, si mbaya.