Mtani Niliyemlamba Bloku Igalula

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, na sikuwa na homa. Ukitaka kucheka, cheka. Nauza asali hapa Tabora mjini, na kukudanganya hakunipi faida yoyote.

Mama alipofariki niliweka picha yake kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni. Wa kwanza kuandika alikuwa mtu asiye na picha, anajiita Mtani: "Afadhali kafa, alikuwa anatumalizia ugali." Watu wakacheka, nami nikacheka. Sisi Wanyamwezi na Wagogo tunataniana tangu enzi za misafara, na mtani akikutukania maiti wako hukasiriki. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Basi alinitukana kila siku, nami nikavumilia kwa ajili ya mila. Kisha akamgeukia baba. Akaandika kwamba mzee anachelewesha watu, shimo lipo wazi. Nikamnyamazisha ili nisione anayoandika. Ujinga ulioje! Mimi sikuona, lakini baba kwenye simu yake aliyasoma yote. Akaacha kula. Alinionyesha mahali Mtani alipotaja rangi ya blanketi analojifunika. Nani alimwambia? Nyumba ile tunaishi wawili tu.

Shangazi aliposikia, aliniuliza kama siku ya msiba huyo mtani alichota maji. Nikasema hakuna aliyemwona. Akauliza kama alishika jembe. Hakushika.

"Basi huyo si mtani," akasema. "Mtani anatukana huku anachimba kaburi."

Niamini, hasira iliyonipanda sijapata kuiona. Kesho yake nilikwenda Igalula kupokea madumu ya asali, na pale stesheni, nikiwa nimekaa kwenye benchi, nikaondoa ule unyamazisho ili nimjibu. Nikaanza kuandika matusi ambayo hata mama asingenisamehe. Mwanamume wa makamo akaja kukaa kando yangu, shati jeupe, mikono mitupu juu ya magoti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Kisha akasema taratibu, "Mzee hafiki Ijumaa."

Maneno yaleyale yakatokea kwenye simu yangu, kwa jina la Mtani. Mikono yake haikusogea. Akasema lingine kuhusu baba, nalo likatokea. Ungefanya nini? Mimi niligeuka kumtazama.

"Nijibu basi," akasema. "Jibu lako ndilo chakula changu."

Nikayatazama matusi yangu, nikayafuta yote. Nikamlamba bloku, nikamfungia kabisa asinifikie tena.

Sauti ikakatika katikati ya neno. Mdomo ulikuwa bado unacheza, akashika koo, akanitolea macho. Nami nilimtazama kwa raha, sikufichi. Kisha nikawa naona benchi tupu. Mama muuza chai akaniuliza, "Dada, mbona humjibu mwenzio? Analia."

"Mwache alie," nikasema.

Jioni ile maneno yake yote hayakuwepo tena kwenye ukurasa, hata kwenye simu ya baba, na mzee aliomba ugali mwenyewe. Ijumaa ilipita, na nyingine nyingi.

Lakini yule bado yupo. Watu humwona misibani, mimi simwoni. Wananiambia amekonda, anabisha hodi kwangu, anaomba nimfungulie, neno langu moja tu litamponya. Jirani mmoja, mtu wa sala sana, amenisihi nisamehe. Nimewasamehe wengi. Huyu hapana.

Nawe ukimpata wa kukutukana kwa jina la utani wakati hata ndoo ya maji hajakubebea, usibishane naye. Usimnyamazishe tu ukawaachia wenzio wamsome. Mlambe bloku, na usije ukamwonea huruma.

Juzi nimeambiwa hawezi tena kusimama, wanamwegemeza ukutani. Usiku huo nililala usingizi mzuri sana.