Umoja Walipokosa Mkate

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kompyuta nilivaa tai ya mitumba ya soko la Gikomba, nikatembea kutoka mtaani kwetu Mukuru kwa Njenga hadi kiwanda cha mikate. Miaka hiyo ya tisini kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya baba. Nilipewa miezi sita ya majaribio. Nikishindwa, ningerudi kubeba magunia ya unga hapo hapo kiwandani, kibarua nilichokifanya tangu nije mjini.

Msimamizi wa Kompyuta alikuwa Madam Syombua, mama wa Kikamba asiyecheka ovyo. Programu yetu ilipanga safari za magari ya mkate. Idara moja ikipanga orodha upya, ya idara nyingine ilivurugika, maana wote walichezea orodha ile ile. Madam akaniwekea mezani rundo la karatasi lililoshonwa kwa uzi.

"Hapa utajifunza fankisheni," akasema. "Unaipa orodha, inakurudishia orodha mpya. Ile ya kwanza haiguswi. Fundi hukata mbao, hakati kigezo."

Kilikuwa kitabu ambacho hakijachapishwa. Mwandishi, mwalimu wa ng'ambo, alituma sura moja moja kwa barua pepe, na wasomaji wa kila mahali wakamrudishia makosa waliyoyaona. Sisi wa mitaa ya Eastlands tulikutana Jumamosi katika ukumbi wa kanisa Makadara, kila mtu na penseli yake, tukiandika pambizoni.

Kila mtu isipokuwa mimi. Shuleni kwetu magharibi mwa nchi, ukiandika kwenye kitabu ulichapwa. Sura ya saba ilikuwa na mfano wa fankisheni inayojiita yenyewe hadi orodha iishe. Nilipoujaribu, kitu cha mwisho kilipotea kila mara. Nikajilaumu mwenyewe. Kitabu kikosee, mimi mbeba unga niwe sawa? Wapi! Nikaunakili neno kwa neno kwenye programu ya kazi, nikamwachia Mungu.

Kesho yake watu wa mtaa wa Umoja, waliokuwa mwisho wa orodha, hawakupata hata slesi. Meneja wa Usambazaji akaingia akifoka, "Huyu arudi kwa magunia leo!"

Madam akanigeukia. "Wafula, hii kasoro uliiona?"

"Niliiona, Madam."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani kitabu hakikosei."

"Ala! Kwani hiyo ni Biblia? Ni kazi ya watu, ndiyo maana tunaisoma na penseli!" Akamwomba Meneja anivumilie hadi Jumatatu.

Jumamosi nilisimama ukumbini, nikaeleza kasoro ile. Mzee mmoja, karani wa reli, akaufuata mfano kwenye karatasi hatua kwa hatua, sisi tukimtazama. Akavua miwani.

"Huyu kijana amesema kweli. Mfano unasimama kabla ya kufika mwisho."

Lo! Nilitaka kulia. Nikaandika sahihisho pambizoni kwa mkono wangu, na Jumatatu nikarekebisha programu. Umoja wakala mkate. Majaribio yalipokwisha, Meneja yule yule alitia sahihi barua ya kuniajiri.

Sasa nimestaafu. Kazi ile imenisomeshea watoto, na nyumba ninayolala imetoka humo. Namshukuru karani wa reli, namshukuru na mwandishi ambaye hata uso wake siujui. Nyinyi vijana mna bahati, makosa mnayasema bila kutetemeka. Madam alifariki mwaka jana. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na sikuwahi kumwambia alichonitendea juma lile, nikidhani anajua. Hilo nalo nililinyamazia. Asante, Madam.