Televisheni ya Kumlaza Mke

Fundi suruali yule walimwita Futi, kwa kuwa ile futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda msibani, na hakuna kitu alichokiamini mpaka akipime mwenyewe. Kutulia mahali pamoja ndiko kulikomshinda. Hata chai aliinywa huku anazunguka uani.

Mwezi ule alizidi. Mkewe alikuwa mjamzito, na mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika. Safari hii daktari akamwambia alale, asinyanyue hata ndoo, mpaka siku zake zifike. Kumwambia mwanamke yule alale ilikuwa kama kumwambia kuku asichakure. Asubuhi Futi alimwacha kitandani, akavuka barabara kwenda kibandani kwake kushona, roho juu. Akirudi kuchungulia, anamkuta na ufagio mkononi. Siku moja, mawazo yote yakiwa nyumbani, alimshonea mwalimu suruali yenye miguu miwili ya kushoto.

"Nitakununulia TV," alimwambia mkewe. "Ulale, uangalie."

"Kwa pesa gani, mume wangu?"

"Zipo za bei rahisi."

Alihangaika duka hadi duka, kila alipouliza bei akijifanya amekumbuka shughuli nyingine. Mwishowe muuzaji mmoja akamtolea televisheni ya kampuni ambayo Futi hakuwahi kuisikia.

"Kaka, jina halionyeshi picha," muuzaji alisema. "Hii ni inchi thelathini na mbili, na garantii mwaka mzima."

Thelathini na mbili ndiyo nafasi aliyokuwa amepima kati ya kabati na dirisha. Akalipa, akaibeba mbio mbio. Nyumbani, kabla hata ya kuchomeka waya, aliilaza futi juu ya kioo, kutoka upande huu hadi ule. Ishirini na nane! Damu ikamchemka. Akaikumbatia televisheni, akarudi nayo dukani juani.

"Umenipunja inchi nne! Mimi ni fundi, kwenye inchi hunidanganyi!"

Muuzaji hakubishana. Aliichukua ile ile futi, akaiweka kwenye kona ya chini, akaivuta mpaka kona ya juu ya upande wa pili. Thelathini na mbili kamili.

"TV hupimwa mshazari, fundi. Zote."

Wateja waliangua kicheko. "Kumbe ndiyo maana mwalimu anatembea upande upande!" mmoja akasema. Futi alitamani ardhi ipasuke. Muuzaji akamwonea huruma, akampa bure chuma cha kuitundikia ukutani, ili asihangaike tena kutafuta meza.

Kesho yake, kutoka kibandani, Futi aliisikia televisheni ikiimba ng'ambo ya barabara, na kwa mara ya kwanza moyo ukamtua. Siku iliyofuata ilisikika zaidi. Anaifurahia huyo, akawaza, akashona mpaka vifungo vikamwishia. Akarudi nyumbani kufuata vingine, akaingia kwa mlango wa nyuma.

Televisheni ilikuwa inapiga kelele peke yake mbele ya kitanda kitupu. Mkewe alikuwa uani, ameinamia beseni, anakamua shati.

Futi alimnyang'anya lile shati.

"Uliongeza sauti ili nidhani umelala?"

"Ndiyo."

"Jamani, unataka tumpoteze na huyu?"

Mkewe alikaa kizingitini akalia. "Nikilala peke yangu namsikiliza. Akicheza naogopa, asipocheza naogopa zaidi. Hiyo TV inaongea, lakini nikiiuliza hainijibu. Nikishika kazi angalau nasahau."

Miezi yote ile Futi alidhani mwenye hofu ni yeye tu. Alimrudisha kitandani taratibu, kisha akasimama akiitazama sakafu chini ya televisheni, pale ambapo pangekaa meza. Akavua futi shingoni, akapima upana, akapima urefu, akatoka bila neno. Mkewe akadhani ameshakimbia kama kawaida yake.

Alirudi na cherehani begani, akaenda tena kufuata miguu yake ya chuma yenye pedeli.

"Na wateja wako?"

"Si wana midomo? Watapiga hodi."

Tangu hapo alishonea chumbani, uso kwa uso na mkewe, televisheni juu ya kichwa chake. Mke aliuliza suruali hii ya nani, aliwasengenya watu wa kwenye televisheni, alimcheka Futi akikosea tundu la sindano. Alasiri moja maneno yake yakapungua, kisha yakakoma, mkono ukiwa tumboni. Futi akaondoa mguu kwenye pedeli ili mlio usimsumbue. Macho ya mkewe yakafunguka papo hapo.

"Uko wapi?"

"Nipo."

Akakanyaga tena, na macho yakajifumba. Kitambaa kilikwisha, uzi ukakatika. Futi, yule asiyeweza kutulia, hakunyanyuka. Aliendelea kukanyaga cherehani tupu.