Meno ya Juu

Mimi nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nilikatazwa kucheka siku za mechi. Siku nyingine ruhusa, hata nicheke mpaka machozi. Lakini ikifika Jumamosi ambayo Baba anacheza, Bibi alinishika kidevu asubuhi, kabla ya chai, akaniambia, "Leo funga mdomo, Zuhura. Usimwonyeshe baba yako meno." Nami nikafunga. Mpaka leo ukitazama picha zangu, hata za arusi, utaniona nimefunika mdomo kwa mkono. Watu husema bi harusi alikuwa na haya. Haya gani!

Baba alikuwa kapteni wa Mwewe, timu ya mpira wa kikapu ya hapa Kampala. Nikisema sijaona timu nyingine kama ile, msidhani ni mapenzi ya mtoto kwa baba yake; waulizeni wazee wa Kyebando, mtaani kwetu. Alikuwepo Okello, mrefu hivyo kwamba mlangoni kwetu aliingia kama mtu anayerukuu. Akisimama chini ya kikapu, hakuna mpira uliompita. Na Baba, ah, Baba alirusha kutoka mbali na kugeuka kurudi nyuma kabla mpira haujaingia, kwa sababu alijua utaingia. Msimu mzima walishinda. Wenye maduka waliwaachia watoto duka ili waende kuwatazama.

Kisha inakuja fainali, na wanapoteza.

Mashabiki wa timu nyingine walitutania: "Mwewe hubeba vifaranga, kombe zito!" Fainali ya kwanza tulisema ni bahati tu. Ya pili walipoteza kwa pointi mbili, na maneno yakaanza. Hapa Kampala tunagombana kwa mengi, Mganda na Mkenya na sisi Waswahili, lakini kisirani tunakijua sote. Walisema ndani ya Mwewe yumo mtu mwenye kisirani. Atafutwe, atolewe.

Ndipo kocha akaja nyumbani kwetu. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, Mganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Alikaa kwenye kochi, akapokea chai, akamtazama Bibi.

"Nyabo, mimi nakuja kuuliza. Watu nasema iko mutu na kisirani kwa timu. Kama ni muchezaji, mimi natoa yeye. Hata kapteni, mimi natoa."

Mimi nilikuwa mkekani karibu na mlango, nachagua mchele. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyenilea, maana mama yangu alifariki mimi sijaota hata jino. Ukoo wake ulitoka pwani zamani na biashara ya vitambaa, na mambo ya pwani hakuyaacha hata moja. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Usimtoe mchezaji wako, mwalimu," alisema. "Kisirani chako kile pale."

Kidole kilinielekea mimi.

"Yule ni kigego. Meno yake yalianza juu."

Kwa asiyejua: kwetu mtoto huota meno ya chini kwanza. Akianza ya juu, huyo ni kigego, na kigego ni nuksi, anayeishi naye hafanikiwi. Zamani hata hakulelewa. Bibi alimweleza kocha yote hayo huku mimi nimeshika punje ya mchele mkononi, sijui niiweke wapi. Kocha akasema, "Banange," akajisogeza kidogo upande wa pili wa kochi.

Nilimtazama Baba. Nilitaka aseme, "Mama, acha." Maneno mawili tu, si mengi. Baba akainama, akafunga kamba za viatu vyake. Zilikuwa zimefungwa. Nilimwona akizifunga kocha alipobisha hodi.

Je, niliamini? Niliamini, wallahi. Mtoto wa miaka minane ataamini nini kama si neno la bibi yake? Nilikuwa nikipanda kwenye kiti na kuyatazama yale meno kwenye kioo cha Baba cha kunyolea, nikiyachukia moja moja. Bibi naye alikuwa na methali yake kila nikipita: "Kikulacho ki nguoni mwako." Nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, nalo nililiomba baada ya kila sala: Baba achukue kombe, mara moja tu, ili niruhusiwe kumchekea.

Msimu uliofuata Mwewe walifika tena fainali. Bibi aliona kunifunga mdomo hakutoshi. Wiki nzima kabla ya mechi nilipelekwa Namuwongo kwa Shangazi Rehema, dada mkubwa wa Baba, aliyekuwa akikaanga mandazi karibu na reli. Nilikwenda kwa moyo mmoja. Wiki nzima sikucheka, hata mbuzi wa jirani alipovaa sufuria kichwani na kukimbia nayo. Shangazi alikuwa akinitazama kwa macho ya ajabu. "Cheka, mwanangu," aliniambia. "Baba yako hayupo hapa." Nilitikisa kichwa. Nisingeharibu kazi ya wiki nzima kwa mbuzi.

Jumamosi alasiri jirani Mkenya alitoa redio yake nje, watu wakaizunguka. Nilikaa chini ya meza ya mandazi, mikono miwili mdomoni. Dakika ya mwisho Mwewe walikuwa nyuma kwa pointi moja. Mtangazaji alikuwa karibu kulia: kapteni anao mpira, wawili wamemkaba, sasa watatu, Okello yuko peke yake chini ya kikapu, ameinua mkono, hana mtu, hana mtu! Kapteni anarusha mwenyewe!

Mpira haukuingia.

Nililia, mandazi yakapoa juu yangu. Lakini baadaye, nikiwa nimelala, wazo likanijia nikaketi. Mimi nilikuwa Namuwongo. Sikumwona Baba, hakuniona, sikucheka. Basi si mimi! Mungu anisamehe, usiku ule nililala na furaha.

Kesho yake Baba alikuja kunichukua. Nilimwona anavuka reli, nikamkimbilia huku nacheka, meno yote nje, ya juu na ya chini. Nilidhani atanibeba. Alinishika mabega, akanizuia kwa urefu wa mikono yake.

"Ulisikiliza redio?"

"Ndiyo, Baba."

"Kumbe," akasema.

Hilo tu, nami nikaelewa: kisirani changu kilipita hata redioni. Nyuma yangu nilisikia Shangazi akitupa mwiko. "Salim! Mwogope Mungu!"

"Dada, nyamaza," Baba akamjibu, na Shangazi akanyamaza. Nilidhani Shangazi alikuwa ananitetea kwa huruma tu.

Mwewe walivunjika baada ya hapo. Okello alihamia Nairobi, wengine walizeeka. Picha yao bado imetundikwa sebuleni kwa Baba, na wageni wakiiuliza, yeye huicheka: "Hao ndio wakubwa wasio na kombe. Nyumbani tulikuwa na kisirani kidogo." Kisha hunikonyeza. Miaka yote hiyo nilimruhusu anikonyeze. Nilikuwa nikiona hata aibu kwamba nilimharibia maisha.

Bibi alifariki mwaka jana. Arobaini ilipopita, Shangazi Rehema aliniita kwake. Nilimkuta kitandani mwake, midomo imekauka.

"Masikini kumi sina uwezo wa kuwalisha," alisema, "kwa hiyo nimefunga siku tatu. Ni kafara ya yamini. Bibi yako alinilisha yamini nisiseme, nami leo naivunja."

Nikaketi.

"Wewe meno yako yalianza chini, Zuhura. Mawili. Mimi ndiye nilikuwa nakulisha uji, kijiko kikagonga, nikapiga vigelegele. Kigego ni baba yako. Mama alimficha ndani, akitoka naye amemfunika uso, mpaka ya chini yakaota. Siku ile kocha alipokuja, Mama alimwona mwanawe anatolewa, akakutaja wewe."

"Na Baba anajua?"

"Toka utotoni anajua."

Sikunywa hata maji kwake. Nilikwenda moja kwa moja Kyebando. Baba alikuwa sebuleni, chini ya ile picha, amevaa kandambili, anakula embe. Sikumwamkia. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kuingia kwa baba yangu bila shikamoo.

"Baba, meno yako yalianza wapi?"

Aliacha kula. Kisha, niamini usiniamini, aliinama na kuanza kutafuta kamba za viatu. Vidole vyake vilipapasa kwenye zile kandambili, havikupata kitu.

"Wangenitoa," alisema akiwa bado ameinama. "Mimi nilikuwa na mpira tu. Wewe ulikuwa mtoto. Mtoto husahau."

"Sikusahau."

"Nilidhani tukichukua kombe yataisha."

"Okello alikuwa peke yake, Baba. Aliinua mkono."

Vidole vyake vikarudi kwenye kandambili. Mimi siamini mambo ya kigego, na sasa simwiti hivyo hata yeye. Meno hayajawahi kumzuia mtu kutoa pasi. Nimewaza sana. Kama siku ile angesema ni yeye, pengine wangemtoa, pengine Mwewe wangechukua kombe, pengine wasingechukua. Hayo ya timu nimeyasamehe. Nguo ambayo kikulacho kilijificha ndani yake ilikuwa yangu mimi, na nilikuwa nikiifua na kuipiga pasi kwa miaka yote hiyo.

Baba aliinua uso. Alikuwa mzee mbele yangu, mashavu yana maji ya embe.

"Nichekee, mwanangu," alisema. "Nichekee kidogo tu, nijue."

Sijui alitaka kujua nini. Nilikuwa na hasira, lakini ni baba yangu, na ombi lile ndilo nililokuwa nikilingoja tangu nina miaka minane. Nikajaribu. Nilihisi midomo inafunguka, na kabla jino halijaonekana, mkono wangu ukapanda wenyewe ukaufunika mdomo.

Tulikaa hivyo, yeye ananitazama, na mimi nashindwa kuushusha.