Kisu cha Maulidi na Mnyoo wa Nguruwe

Aibu yangu inajulikana kuanzia Newala mpaka Masasi, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Athumani, maana yeye kila akiisimulia anatia chumvi.

Mimi ndiye mchinjaji wa mtaa wetu, kazi niliyoachiwa na marehemu baba, na ng'ombe wa Maulidi hachinjwi ila kwa mkono wangu. Sasa mkono wenyewe ukaota uvimbe chini ya kiwiko, mgumu, hauumi, ukiubonyeza unateleza. Mke wangu, Mama Zuhura, akaukanda kwa maji moto wiki mbili, wapi! Hospitali wakapasua, wakatoa kifuko cheupe kadiri ya korosho iliyobanguliwa, wakakipeleka kupimwa.

Siku ya majibu nikaenda na watu (kwetu mgonjwa haendi peke yake): Mama Zuhura, imamu wetu, na mtani wangu Athumani, Mmakua wa Masasi, ambaye hata sikumwalika. Daktari, binti mwenye adabu zake, akaniamkia shikamoo, kisha akaomba tuzungumze wawili tu. Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikajibu kwa sauti ya mwenye mji, "Hawa ni watu wangu, sema tu."

Akasema. Ndani ya kile kifuko mlikuwa na mtoto wa tegu, yule mnyoo wa nguruwe, kajichimbia kwenye nyama ya mkono.

Walisikia nguruwe tu, mengine yote hawakuyasikia. Athumani hata nje ya geti hatujafika ananiuliza nguruwe naye huwa namwelekeza kibla, na mtani hakasirikiwi, ndiyo ada, basi nikacheka huku nachemka. Haikupita wiki wazee wakaja na maneno laini, eti kisu cha Maulidi kipumzike mwaka huu. Kipumzike! Mimi, ambaye nguruwe hata harufu yake siijui!

Vidonge nikameza (wakanipeleka na Mtwara kupigwa picha ya kichwa, kwa kuwa hao wadudu hupanda mpaka huko, na walipotuambia kichwani hakuna kitu Mama Zuhura akasema hilo yeye analijua tangu tuoane), lakini hasira haikushuka. Nikamrudia yule binti, nikamsihi aje anisafishe jina mbele ya watu. Akasita, akanionya kwamba maelezo yenyewe hayana utamu. Nikamwambia ukweli haumdhuru mtu. Mjinga mimi.

Ijumaa baada ya swala watu wakajaa uwanjani nje ya msikiti, akasimama, akasema vizuri kabisa: "Mzee huyu hakula nguruwe. Anayekula nyama ya nguruwe ambayo haijaiva, mnyoo anakaa tumboni. Huyu wa kwenye msuli unampata kwa kumeza mayai yake, na mayai yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huyo."

Mimi natikisa kichwa kwa ushindi, nawaangalia wazee mmoja mmoja, kumbe neno la mwisho bado halijaniingia. Athumani lilishamwingia.

"Kwa hiyo nguruwe hakula," akasema taratibu. "Alikula cha aliyekula nguruwe."

Watu walikaa chini kwa kicheko. Na Mama Zuhura, badala ya kunisitiri, akamweleza daktari kwamba naokota mabibo chini ya mikorosho, nafuta kwa shati, nakula. Sasa nani hapa hajaokota bibo? Nusu ya waliocheka ndio hao hao wanaochutama kwenye mikorosho yangu, shambani kwao choo hawajachimba!

Kisu nilirudishiwa. Siku ya Maulidi ng'ombe kalazwa, watu wamezunguka, nimenyoosha mkono nipokee kisu, imamu akanipa kwanza birika na sabuni.

"Nawa, Baba Zuhura."

Nikanawa mpaka viwiko mbele ya mtaa mzima, Athumani ananihesabia vidole. Tangu hapo daktari akisema tuzungumze wawili, mlango naufunga mwenyewe.